Haki na Udanganyifu katika Maua ya Mashindano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila msimu wa maonyesho unapokaribia. Mengine huulizwa mkutanoni, mengine hunong'onezwa karibu na ndoo za maji usiku wa kuamkia mashindano. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowagawa hata majaji. Neno la mwisho ni la kanuni za chama chako na ratiba ya onyesho lenyewe (orodha ya vipengele, yaani makundi ya kushindania, na masharti yake). Hapa tunaeleza sababu zilizo nyuma ya kanuni hizo.

## Mambo ya msingi

1. Je, kuligusa ua kabla ya kulionyesha si udanganyifu tayari?

Hapana. Maua ya mashindano yameguswa tangu mashindano yalipoanza. Wakuza maua wa Uingereza wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa na vibano vidogo vya kupangia petali za karnesheni, na kola za karatasi za kuzitandazia. Hakuna aliyeona ajabu, maana kila mshindani alijua na kila jaji alijua.

Anayesema ua la haki ni lile lililokatwa na kutumbukizwa chomboni basi, anasahau kwamba mmea wake ulishapogolewa, ukawekewa mbolea, ukafungwa kwenye vijiti vya kuuegemeza na kupunguzwa matumba wiki nyingi kabla. Mkono wa mkulima umo ndani ya ua hilo toka mwanzo.

2. Basi mpaka kati ya kuandaa na kughushi uko wapi?

Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, ua hili lingeweza kufika hapo lenyewe? Petali uliyoifungua kwa brashi leo asubuhi ingefunguka jioni, kwa hiyo umeiwahisha tu. Vumbi ulilopangusa lingeoshwa na mvua. Lakini ua jeupe halingeota ukingo mwekundu, wala kikonyo kilicholegea kisingesimama wima bila waya ndani yake. Hapo unamwonyesha jaji ua ambalo mmea wako haukulizaa.

Kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Jani lililotafunwa na kiwavi halijiponyi, ilhali washindani wa waridi huruhusiwa kulisawazisha kwa mkasi (tazama swali la 8). Mahali kama hapo kanuni ndiyo inayoamua.

Wengine hupendelea kujiuliza, "Ningefanya hivi jaji akinitazama?" Mimi sikitegemei sana kipimo hicho. Wapo wenye haya hata kwa kazi halali, na wapo wasioona haya kwa lolote.

3. Majaji hutoa alama kwa vitu gani?

Hutofautiana kwa aina ya ua na kwa chama. Chama cha waridi cha Marekani hugawa alama 100 hivi: umbo 25, rangi 20, shina na majani 20, uimara wa petali 15, ulinganifu 10, ukubwa 10. Chama cha dafodili cha nchi hiyohiyo hutoa 20 kwa hali ya ua, 20 kwa umbo, 15 kwa uimara na mguso wa petali, 15 kwa rangi, kisha 10 kila moja kwa mkao wa ua, shina na ukubwa.

Ukizisoma orodha hizi unaona kishawishi kilipo. Umbo na rangi vina alama 45 za waridi, na ndivyo mkono unavyovifikia kirahisi.

4. Ratiba haisemi lolote kuhusu jambo ninalotaka kufanya. Je, nimeruhusiwa?

Usidhani hivyo. Muulize katibu wa onyesho mapema na kwa maandishi. Akikubali, jibu lake ni lako. Akikataa, bado una muda wa kupanga upya.

## Ua, shina na majani

5. Kuweka pamba kati ya petali, au kufunga tumba kwa uzi, ni halali?

Kwa waridi, hizi ni mbinu za kawaida. Vipande vidogo vya pamba huingizwa kati ya petali za nje saa kadhaa kabla, ili zikunjuke kwa mpangilio. Uzi laini wa sufu huzungushwa kwenye ua linalofunguka ili katikati pasiachie mapema. Vyote viwili huchezea muda wa kufunguka, kwa hiyo vinapita kwenye kipimo cha swali la 2, ila lazima vitolewe kabla ya majaji kuanza kazi.

Kinachowaponza wengi ni papara. Petali iliyolazimishwa huacha mkunjo au doa la kidole, na jaji mzoefu huliona ua lililosukumwa kupita hatua yake. Basi hata pale ambapo hakuna kosa la kimaadili, alama zinaondoka.

6. Naruhusiwa kuondoa petali ngapi?

Hakuna idadi inayofaa kwa maua yote. Waridi huwa na petali moja au mbili za nje kabisa ambazo ni ngumu, zenye michirizi ya kijani au zilizopinda. Kuzing'oa kutoka kwenye kitako ni kazi ya kawaida, mradi pengo lisionekane. Kwenye dalia kubwa, safu ya nyuma huchakaa kwanza, na kuiondoa huvumilika. Dafodili ina petali sita tu, hivyo hakuna cha kutoa. Na anayepunguza ukingo wake kwa mkasi huacha mstari unaoonekana kwa kioo cha kukuzia.

Ugomvi wenyewe uko kwenye dalia za pomponi. Hizi zina kikomo cha ukubwa, takriban sentimita 5, na majaji hupitisha ua kwenye pete maalumu kulipima. Lililozidi pete huenguliwa. Kishawishi kinajulikana: ng'oa safu moja ya nyuma, ua lipite. Wanaofanya hivyo husema, "Mbona wenzetu wa dalia kubwa wanaondoa petali?" Tofauti ni kwamba wale wanaondoa kilichozeeka, na huyu anaondoa kile hasa kinachopimwa. Dalia haipungui kadiri inavyofunguka. Ua hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi, basi, na jaji ameambiwa halikuwa. Ndiyo maana majaji wa dalia huligeuza ua na kukagua mgongo wake kabla ya kitu kingine.

7. Vipi kuhusu matumba ya pembeni na maua ya chini ya gladiola?

Kung'oa matumba ya pembeni yakiwa madogo kama punje ni ukulima, na ndiko kunakozaa waridi kubwa na krisanthemamu kubwa. Ukichelewa hadi wiki ya mashindano, kovu litabaki na utakatwa alama kwa haki.

Gladiola ni habari nyingine. Maua yake hufunguka kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo la chini kabisa hunyauka kwanza. Ukilitoa, unaficha umri wa shina zima. Kisiki chake hubaki, na jaji hukitafuta.

8. Majani yanaruhusiwa kung'arishwa?

Kuyasafisha ndiyo, kuyang'arisha hapana. Kitambaa chenye unyevu au kipande cha soksi ya nailoni hutoa vumbi na madoa ya dawa, na jani hubaki na mng'ao wake. Mafuta, maziwa na vipodozi vya majani ni kitu kigeni. Kwenye kanuni za waridi za Marekani, kitu chochote kigeni kilichopakwa ili kuboresha ua, shina au jani humwengua mshindani moja kwa moja. Sababu ni nzito: mng'ao ni dalili ya afya ya mmea, na anayeununua kwa chupa anajipa alama za mbolea na maji ambayo hakuyatoa.

Kupunguza jani kwa mkasi kunakubalika kwa waridi ikiwa unafuata umbo lake la asili, pamoja na meno ya ukingoni. Nakiri kwamba hapa kanuni na kipimo changu vinatofautiana, na ningefurahi jani lenye tundu likiachwa na tundu lake. Lakini wote wakiruhusiwa, hakuna aliyedhulumiwa.

9. Naweza kutumia waya, kijiti au gundi?

Gundi kamwe. Petali iliyogandishwa ni ghushi hata kama ilidondoka dakika moja kabla.

Kuhusu tegemeo, tofautisha lililo wazi na lililofichwa. Huko Japani, krisanthemamu kubwa za maonyesho hukalishwa juu ya pete ya waya inayobeba petali za chini. Kila mtu anaiona, na ni sehemu ya mtindo wenyewe. Kijiti kilichopenyezwa ndani ya shina la dalia ili ua lisiiname kinafanya kazi hiyohiyo, isipokuwa kinadai kwamba shina lina nguvu lisizo nazo, na shina lina alama zake.

Mashina yenye uwazi ndani, kama ya delfinia, wengine huyajaza maji na kuyaziba kwa pamba chini. Huko ni kulinywesha ua, hakuna tatizo.

10. Kubadilisha rangi kunahesabikaje?

Rangi iliyonyunyizwa, au iliyofyonzwa kupitia shina lililotumbukizwa kwenye maji ya rangi, ni ghushi katika kipengele chochote cha ukuzaji. Kumkinga waridi mwekundu na jua kali kwa mwavuli ni halali.

Watu hukwama kwenye haidrenjia. Aina nyingi huwa za bluu kwenye udongo wenye asidi na za rangi ya waridi (pinki) kwenye udongo usio nayo, kwa sababu asidi huuwezesha mmea kufyonza alumini. Je, aliyetia alumini kwenye udongo ametia rangi? Hapana. Rangi imetengenezwa na mmea ukiwa hai, kutokana na ulichoulisha. Angetumbukiza shina lililokatwa kwenye wino wa bluu, rangi ileile ingekuwa uongo.

11. Karnesheni yangu hupasuka kikombe (ganda la kijani linaloshika petali). Naweza kuifunga kwa mpira?

Wakulima wa biashara huvisha mpira kwenye tumba kabla halijafunguka, nao huzuia mpasuko. Kwa mashindano, tumia ikiwa kanuni zinautaja na kuukubali. Kuziba kikombe ambacho tayari kimepasuka kunarudi kwenye swali la 9.

## Maji, baridi na dawa

12. Kuhifadhi maua kwenye jokofu kabla ya siku yenyewe ni haki?

Ndiyo, isipokuwa ratiba itaje muda wa kukata. Pioni zikikatwa zikiwa matumba yaliyoanza kulainika huhimili wiki kadhaa kwenye baridi ya karibu na sifuri. Waridi hukaa siku chache tu. Usiweke matunda humo, kwani yakiiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Maua ya ukanda wa joto kama anthuriamu na okidi nyingi huungua kwa baridi hiyo, yaache nje.

Lalamiko la kwamba baridi huwapendelea wenye majokofu makubwa lina ukweli, lakini ni suala la kutofautiana kwa uwezo. Waandaaji hulitatua kwa kuweka kipengele cha wanaoanza, si kwa kumwita mwenye jokofu tapeli.

13. Na dawa za kurefusha maisha ya ua?

Dawa nyingi za ndoo ni sukari, asidi kidogo na kitu cha kuua bakteria. Kuzitumia nyumbani hakuna ubaya. Mezani tumia maji yaliyotolewa na waandaaji.

Thiosalfeti ya fedha ndiyo inayonipa shaka. Huzuia athari ya ethilini na hulipa karnesheni siku nyingi za ziada, ndiyo maana imetumika sana kibiashara. Lakini fedha ni metali nzito, na masalio yake hayafai kumwagwa kwenye mtaro wala bustanini. Hata kanuni zikiiruhusu, utepe wa mshindi ni sababu ndogo mno ya kuyachafua maji.

14. Nipulize dawa ya wadudu ili ua lifike safi?

Watu huinamia maua ya maonyesho na kuyanusa, watoto huyashika. Ua lililopulizwa jana yake halifai kuwekwa mezani. Mnyunyizo wa maji na brashi laini hutoa vidukari wengi. Kwa dawa zinazosambaa ndani ya mmea, tahadhari iwe kubwa zaidi: mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia dawa tatu za aina hiyo, ziitwazo neonikotinoidi, nje ya nyumba za kuoteshea mimea, kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki.

Kumleta ua lenye vidukari hai nako ni kukosa uungwana, kwani hawatabaki kwenye chombo chako.

15. Je, ni sawa kuonyesha ua lenye virusi?

Swali hili linaonekana la ajabu hadi uwakumbuke wapenzi wa tulipu. Chama cha tulipu cha Wakefield, Uingereza, kilichoanza mwaka 1836, bado huonyesha tulipu zenye miali na michirizi, moja moja kwenye chupa za bia, bila pambo lolote. Michirizi hiyo, iliyowahi kugharimu watu mali nyingi, husababishwa na virusi. Dorothy Cayley alionyesha mwaka 1928 kwamba huambukizwa kutoka kitunguu kimoja cha tulipu (sehemu ya chini ya ardhi inayopandwa) hadi kingine. Vidukari ndio wanaovisambaza bustanini.

Kuzionyesha si kosa, maana kipengele kimeundwa kwa ajili yake na hakuna anayedanganywa. Wajibu unaanza nje ya ukumbi: zikuze mbali na tulipu na mayungiyungi ya jirani, na usimpe mtu kitunguu chake bila kumwambia amebeba nini.

## Asili ya ua

16. Nimenunua ua zuri dukani. Naweza kuliingiza?

Kwenye vipengele vya upangaji maua, mara nyingi ndiyo, kwa sababu kinachoshindaniwa ni ufundi wa kupanga. (Angalia vifaa pia: chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kiliondoa sponji ya kijani ya maua kwenye maonyesho yake kuanzia 2021 kwa kuwa ni plastiki.) Kwenye vipengele vya ukuzaji, hapana. Huu ndio udanganyifu mzito kuliko yote yaliyotajwa hapa. Aliyepaka jani mafuta angalau alilikuza jani.

17. Je, msaidizi akinimwagilia na kunipogolea, ua bado ni langu?

Ratiba nyingi hutaka ua liwe limekuzwa na mshindani, na wanandoa au wenye bustani moja huingia kwa jina la pamoja. Ukiwa na mtunza bustani anayefanya karibu kila kitu, mwandike kwenye kadi. Mtu aliyeamka alfajiri kufunika matumba anastahili kuona jina lake.

18. Sijui jina la aina yangu. Niweke linalokaribia?

Usikisie. Jina la uongo humpoteza mgeni anayelinakili ili akanunue mmea huo, na katika vyama vingi vya waridi ua lenye jina lisilo lake huenguliwa. Waulize wakuzaji wenzako meza za pembeni. Ukikosa, tafuta kipengele kisichodai jina.

19. Naweza kuonyesha okidi niliyoichuma porini?

Hapana. Jamii nzima ya okidi imo kwenye mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na nchi nyingi zina sheria zake juu ya kuchuma. Hata pasipo sheria, ua la porini halikukuzwa na yeyote aliye ukumbini, kwa hiyo jibu la swali la 16 linatosha.

## Siku yenyewe na mambo magumu

20. Chombo cha jirani kimeziba ua langu. Nikisogeze?

Mwite msimamizi wa meza. Usiguse kazi ya mwenzako hata kwa nia njema. Petali ikidondoka, hakuna atakayeamini nia yako. Kwa sababu hiyohiyo usitumbukize dafodili zako kwenye ndoo ya pamoja. Utomvu wake huwadhuru tulipu na maua mengine.

21. Nimemwona mtu akighushi. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha unaijua kanuni, maana lalamiko nyingi hutokana na mbinu halali ambayo mlalamikaji hakuwahi kuisikia. Kisha peleka pingamizi kwa katibu, kwa maandishi na ndani ya muda uliotajwa. Maonyesho mengi hudai amana inayorudishwa pingamizi likikubaliwa, na ni utaratibu mzuri kwa kupunguza majungu. Usimtangaze mtu mezani. Usimwendee jaji akiwa kazini.

22. Jaji ndiye aliyenifundisha. Kuna tatizo?

Kadi hufunikwa ili jina lisionekane, lakini mwalimu huutambua mkono wa mwanafunzi wake. Ni yeye anayepaswa kujitoa katika kipengele hicho. Wewe usimwonyeshe maua yako kabla, hata kwa picha.

23. Kwenye kipengele cha watoto, mzazi asaidie hadi wapi?

Abebe ndoo, ashike mkasi mkali, asome ratiba kwa sauti. Kuchagua ua na kuliandaa ni kwa mtoto. Chombo cha mtoto wa miaka saba chenye petali zilizopangwa kwa kibano hakimdanganyi jaji yeyote, na mtoto mwenyewe anajua utepe ule ni wa nani.

24. Nimeshinda, kisha nikagundua uzi wa sufu ulibaki ndani ya ua. Niseme?

Sema, siku hiyohiyo, kwa katibu. Kuna wanaojibu kwamba kuona kosa ni kazi ya jaji na hukumu yake imeshapita. Hoja hiyo ina nguvu kwa kasoro iliyo wazi, kama jani lenye doa ambalo alilitazama na kulipima. Haina nguvu kwa kitu kilichofichika, ambacho hakuweza kukipima. Katibu ataamua kulingana na kanuni: pengine utakatwa alama na kubaki wa kwanza, pengine ua litaenguliwa na wa pili apande. Peleka ua pamoja na uzi wake ulivyo, usiuchomoe kwanza.